Mpira wa Mkojo wa Namba 12: Tathmini ya Mtumiaji wa Dodoma Baada ya Miaka Miwili

Bidhaa ninayoieleza hapa ni mpira wa plastiki wenye urefu wa sentimita 40 hivi, mwembamba kama mrija wa kunywea soda, wenye ncha butu iliyozibwa, matundu mawili pembeni mwa ncha hiyo, na kishikio cheupe upande wa pili. Hospitalini huitwa katheta ya Nelaton, kwa jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 19. Katika maduka ya dawa ya hapa Dodoma ukisema unataka mpira wa mkojo wa kuingiza na kutoa utaeleweka, ingawa mara nyingi utaulizwa kwanza kama mgonjwa amelazwa wodi gani. Weupe wa kishikio si urembo, kwa maana rangi ndiyo inayoonyesha unene: nyeupe ni namba 12, kijani ni namba 14 na rangi ya chungwa ni namba 16, na kwa kuwa kila namba 3 ni sawa na milimita 1, namba 12 ina kipenyo cha milimita 4. Nimeutumia kwa miaka miwili, mara tano kwa siku. Ninaandika kwa sababu katika vitu vyote nilivyonunua kwa ajili ya kuzuia UTI (uambukizo wa njia ya mkojo) ya kujirudia tangu nilipoumia uti wa mgongo, huu ndio wa bei ndogo kuliko vyote, na ndio pekee ulionisaidia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Niliumia kwa ajali ya pikipiki nikitoka Chamwino kurudi mjini, pingili ya kumi ya kifua ikavunjika, na tangu siku hiyo miguu haina nguvu na kibofu hakisikii tena amri ya mwenyewe. Hospitali iliyonihudumia iliokoa maisha yangu, na kwa hilo ninaishukuru. Lakini iliniruhusu kurudi nyumbani nikiwa na mpira wa kudumu, ule wenye puto la maji linaloushikilia ndani ya kibofu, pamoja na mfuko wa mkojo na maelezo ya sentensi moja kwamba nirudi baada ya mwezi kubadilishiwa. Hakuna aliyenieleza kwamba ipo njia nyingine. Katika mwaka ule wa kwanza niliugua UTI mara tano, na mara mbili kati ya hizo nililazwa kwa homa kali na kutetemeka hivi kwamba mama mdogo, aliyekuwa akiniuguza, alinifunika mablanketi matatu mwezi wa Novemba, wakati joto la Dodoma linapomfanya kila mtu alale milango wazi.

Ili msomaji aelewe kwa nini mpira wa kuingiza na kutoa ni bora kuliko ule wa kudumu, inafaa aelewe kinachotokea ndani. Kibofu chenye afya hujilinda kwa kujisafisha: bakteria wakipanda, mkojo huwasukuma nje kabla hawajazaliana vya kutosha, na kibofu hubaki kitupu. Baada ya uti wa mgongo kuumia, kibofu ama hulegea na kujaa kama kiriba, ama hukaza wakati uleule mlango wake nao umekaza, na katika hali zote mbili mkojo hubaki. Mkojo uliobaki ni bwawa. Bakteria kama E. koli, katika mazingira yanayowafaa, huweza kuongezeka maradufu kwa takriban kila dakika 20, kwa hiyo bwawa dogo la asubuhi ni jeshi kubwa ifikapo jioni. Tena kibofu kikijaa kupita kiasi, kuta zake huvutika, mishipa ya damu hubanwa, na nyama ya kibofu hupungukiwa na ulinzi unaoletwa na damu. Shinikizo nalo likipanda, mkojo huweza kurudi juu kuelekea kwenye figo, na hapo jambo huacha kuwa la kuwashwa na kunuka, likawa la uhai.

Mpira wa kudumu huondoa bwawa, ni kweli, lakini huleta tatizo lake. Mpira ule ni ngazi. Bakteria huuparamia nje na ndani, hujenga juu yake utando wa ute unaowakinga dhidi ya dawa, na kila siku ambayo mpira unakaa, uwezekano wa mkojo kupata bakteria ni kati ya asilimia 3 na 7, kiasi kwamba mwezi ukitimia karibu kila mtu huwa nao. Baadhi yao, hasa wale waitwao Proteus, hugeuza mkojo kuwa na hali ya magadi, chumvi zikaganda, na ndiyo maana mpira wangu wa tatu ulipotolewa ulikuwa na ncha iliyopakwa kitu kigumu cheupe, kama birika lililochemshia maji ya kisima kwa miaka.

Njia ya kuingiza na kutoa haikuanza jana. Ludwig Guttmann, daktari aliyeanzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo pale Stoke Mandeville nchini Uingereza mwaka 1944, ndiye aliyesisitiza kwamba kibofu kitolewe mkojo kwa mpira kwa vipindi badala ya kuachiwa mpira muda wote, katika zama ambazo majeruhi wengi walikufa kwa uambukizo na kushindwa kwa figo. Yeye alitaka usafi wa chumba cha upasuaji, na kazi ifanywe na madaktari. Mwaka 1972, daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alichapisha hoja iliyowashangaza wengi: mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe kwa mikono iliyonawa tu, kwa sababu kutoa mkojo mara kwa mara na kwa wakati kuna uzito kuliko kuua kila kijidudu. Ninarudia hoja hiyo kwa kila mwenzangu ninayekutana naye, kwa maana ndiyo iliyonitoa kitandani. Hata ukiwa na mpira bora duniani, ukiupitisha mara mbili kwa siku utaugua.

Sasa nieleze matumizi yenyewe. Ratiba yangu ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Nanawa mikono kwa sabuni hadi juu ya viganja na kuisugua katikati ya vidole, nasafisha ncha ya uume kwa maji na sabuni, nafungua pakiti kwa kuichana upande wa kishikio ili nisiiguse sehemu itakayoingia, kisha napaka jeli ya kulainishia inayoyeyuka katika maji. Mafuta ya mgando hayafai kabisa, kwa kuwa hayayeyuki katika maji na hubaki ndani. Nashika uume ukielekea juu ili mrija wa mkojo unyooke, nasukuma polepole, na nikifika kwenye mlango wa kibofu nahisi mkononi kizuizi kidogo, ingawa mwilini sihisi kitu. Hapo sisukumi kwa nguvu. Natulia, navuta pumzi ndefu mara mbili tatu, na mlango hulegea. Mkojo ukianza kutoka nasogeza ndani sentimita mbili zaidi, kisha nauacha utoke wenyewe kwenye chupa yenye alama za mililita.

Hatua ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo ninayoomba msomaji aisome mara mbili. Mkojo ukikoma kutoka, usichomoe kwa haraka. Vuta polepole, sentimita moja moja. Mara nyingi mkojo utaanza tena, maana matundu ya mpira yalikuwa juu ya kiwango cha mkojo uliobaki chini. Simama hapo hadi ukome, kisha vuta tena. Kwa wiki kadhaa za mwanzo nilikuwa nikiacha ndani kiasi kisichopungua kikombe cha kahawa kila mara, nikashangaa kwa nini UTI ilirudi hata baada ya kubadili njia. Nesi mmoja, mama mtu mzima aliyenifundisha upya kwa uvumilivu mkubwa, aliniambia, "Mwalimu, wewe unafuta ubao nusu halafu unaandika juu yake." Nilimwelewa mara moja.

Chupa yenye alama nayo ni sehemu ya bidhaa, kwa maoni yangu. Lengo nililopewa ni kwamba kila mara kisitoke zaidi ya mililita 500. Nikipima nikakuta 650, najua ama nimekunywa kwa pupa ama nimechelewa, na narekebisha siku hiyohiyo. Kwa kuwa usingizi wangu ni wa saa nane, baada ya saa moja jioni nakunywa kidogo sana, na maji ya siku nzima, yapatayo lita mbili, nayagawa mchana. Vilevile natumia vidonge vya oksibutinini vinavyotuliza kibofu kisijikaze, ambavyo nilipewa baada ya kupimwa, na sitamshauri mtu avitumie kwa kusikia kutoka kwangu.

Kuhusu ubora wa bidhaa, mipira yote haifanani hata kama pakiti zinafanana. Kasoro niliyoikuta ni kwenye yale matundu mawili. Katika mipira mizuri kingo zake zimelainishwa. Katika mibaya kingo ni kali kama zimekatwa kwa wembe, na mpira wa namna hiyo unaopita mara tano kwa siku utaukwaruza mrija wa mkojo, utaleta damu, na kila mkwaruzo ni mlango wa bakteria. Kwa mtu asiyehisi maumivu, kama mimi, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna kinachomwonya. Nikinunua kutoka kwa mzigo mpya, naufungua mmoja na kuutoa kafara: napitisha ncha juu ya kipande cha soksi laini ya nailoni. Kingo zikinasa nyuzi, nairudisha iliyobaki. Duka moja lilinikatalia kurudisha, nikapoteza pakiti 40, na tangu hapo nanunua mmoja kwanza, najaribu, kisha nachukua zaidi. Angalia pia tarehe ya mwisho na kama karatasi ya pakiti imelowa au imechanika. Usiihifadhi kwenye buti la gari; joto la Dodoma ni kubwa na jua la mchana huifanya plastiki ipinde.

Suala la kutumia mpira mmoja zaidi ya mara moja haliepukiki kwa sisi wenye kipato cha kawaida. Mmoja haufikii bei ya chakula cha mchana kwa mama lishe, lakini 150 kwa mwezi ni hesabu nyingine. Watengenezaji wameandika kwenye pakiti kwamba ni wa kutumia mara moja na kutupa, na anayeweza afuate hivyo. Tafiti zilizokusanywa hadi mwaka 2021 hazikuweza kuamua kwa uhakika kama kutupa kila mara kunapunguza UTI kuliko kuosha na kurudia. Mimi hutumia mpya ninapokuwa kazini, na mwishoni mwa mwezi fedha zinapopungua hurudia nyumbani: nauosha papo hapo kwa sabuni, napitisha maji safi ndani yake kwa bomba la sindano hadi povu liishe, nautundika ukauke kabisa, na nauhifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Siurudii siku ambayo maji ya bomba yamekatika na yaliyopo ni ya ndoo isiyojulikana ilikotoka. Kuuchemsha hakufai, nilijaribu mara moja, ukalegea na kujikunja, na haukunyooka tena.

Nililinganisha mpira huu na ule wenye utelezi wake, ambao ukilowa hujifunika kwa tabaka laini lisilohitaji jeli. Rafiki yangu aliniletea boksi moja la 30, nami nikalitumia kwa siku sita. Ni bora, na sitaficha. Huingia bila kusuguana, matundu yake ni laini, na kwa kuwa maji yake yamo ndani ya pakiti, unaweza kuutumia kwenye choo kisicho na bomba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika wanaume 123 waliokuwa wameumia uti wa mgongo ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja, asilimia 64 ya waliotumia mpira wenye utelezi walipata UTI angalau mara moja, dhidi ya asilimia 82 ya waliotumia wa kawaida. Tofauti hiyo ina maana, ila ona pia kwamba hata kwa mpira bora, zaidi ya nusu waliugua. Bei yake ni ya juu mno kwangu. Nimeamua kuuweka kwa safari tu, na kama kampuni za bima zingeuliza maoni yangu, ningewaomba wapige hesabu ya mtu kulazwa wiki nzima kwa dawa za mshipa kabla ya kusema mipira ni ghali.

Vitu vingine nilivyonunua vinaweza kuelezwa kwa ufupi. Vidonge vya kranberi nilivinywa miezi minne kwa gharama kubwa. Vina faida iliyothibitishwa kwa wanawake wenye UTI ya kujirudia, lakini kwa watu ambao kibofu chao hakitoi mkojo wote, mapitio ya tafiti ya mwaka 2023 hayakuona faida, na jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2007, lenye watu 305 wenye kibofu kilichoathiriwa na mishipa ya fahamu, lilipata jibu hilohilo kwa kranberi na kwa methenamini, dawa ya kuzuia bakteria kwenye mkojo. Juisi ya rozela na ubuyu, ambazo majirani wananiletea kwa upendo, ninazinywa kwa sababu ni tamu na ni maji. Dawa za mitishamba zinazouzwa sokoni kwa jina la kusafisha figo sizigusi kabisa. Figo zangu ndizo ninazozilinda.

Antibayotiki ndilo eneo linalonihuzunisha. Katika mwaka ule wa mwanzo, kila mkojo ulipokuwa na harufu au ukungu nilimtuma kijana dukani, naye alirudi na sipro, au mtu alipigiwa simu aje anichome jentamaisini, bila kipimo chochote. Mkojo wangu ulipooteshwa maabara kwa mara ya kwanza, yaani bakteria wake walipokuzwa na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali, bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa tatu kati ya zile nilizokuwa nikizinunua. Mtu anayetumia mpira anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo muda mrefu bila kuwa mgonjwa, na miongozo ya tiba inasema asipewe dawa kwa sababu hiyo peke yake. Dalili zinazonipeleka hospitali ni homa, kutetemeka, miguu kukaza na kurukaruka kuliko kawaida, mkojo kuvuja katikati ya ratiba, au uchovu nisioweza kuueleza. Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu aongeze nyingine: kichwa kuuma ghafla kwa kishindo, jasho na uso kuwa mwekundu, kwa sababu shinikizo la damu huweza kupanda kufikia kiwango cha kuua, na kibofu kilichojaa ndicho chanzo cha kwanza cha kuangalia. Hapo mkojo utolewe mara moja. Na kabla ya kidonge cha kwanza, omba mkojo uoteshwe, hata kama matibabu yataanza kabla ya majibu kutoka.

Upo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018, uliohusisha watu 404 wanaojitoa mkojo kwa mpira, ambapo dozi ndogo ya antibayotiki kila siku kwa mwaka mzima ilipunguza UTI kwa karibu nusu. Wenzangu wakisikia hilo hufurahi. Watafiti walewale waliona usugu wa bakteria ukiongezeka kwa waliotumia dawa, na kwa mji ambao dawa hizo tayari zinauzwa kama pipi, mimi ningeiacha njia hiyo kwa daktari bingwa na kwa mgonjwa aliyekwisha kujaribu mengine yote.

Mpira wa namba 12 una mipaka yake. Aliyeumia shingoni na vidole visivyoshika atahitaji mtu wa kumsaidia, na kama mtu huyo hapatikani kwa ratiba, mpira unaopitishwa tumboni juu ya kibofu unaweza kuwa afadhali. Wanawake hutumia ulio mfupi, wa sentimita 20 hivi. Dada mmoja wa Kongwa tunayewasiliana naye alitumia kioo kidogo hadi alipojua njia kwa kugusa. Vyoo ndivyo kikwazo kikuu cha sisi sote. Nimeona wenzangu wakiacha kunywa maji tangu jana yake kwa sababu ya safari ya basi kwenda Dar es Salaam, na nimeona baadhi yao wakirudi na homa. Tangu treni ya SGR ilipofika Dodoma mwaka 2024, najitoa mkojo nyumbani Ipagala kabla ya kwenda stesheni, na nafika nikiwa bado ndani ya ratiba yangu.

Hali yangu kwa sasa: katika miaka hii miwili nimeugua UTI mara mbili, zote zilitibiwa nyumbani kwa vidonge vilivyochaguliwa baada ya kuotesha, na figo zilikuwa safi kwenye kipimo cha ultrasaundi cha mwaka huu. Kikwazo kilichobaki ni upatikanaji. Maduka mengi yana mipira ya kudumu ya namba 16 na hayana ya kuingiza na kutoa ya namba 12 wala 14. Sasa tuko wanne tunaoagiza kwa pamoja katoni nzima kupitia duka moja karibu na Sabasaba, na mwenye duka, aliyekuwa akituuliza wodi, siku hizi akimwona mtu amekuja na kiti cha magurudumu anauliza namba. Ukienda, taja namba, sema ni wa mwanaume au wa mwanamke, na uombe kujaribu mmoja kabla hujalipia iliyobaki.